Asiyekubali Kushindwa Si Mshindani

Wahenga walinena kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii niliikariri tangu shule ya msingi, ila maana yake nilikuja kuitambua katika likizo moja nyumbani Garbatulla, nilipomchukiza ndugu yangu mdogo na mchezo alioupenda.

Nilikuwa nimerejea na tarakilishi yenye Stockfish, programu ya sataranji itolewayo bure na isiyohitaji intaneti ili icheze. Mnamo Mei 1997, mjini New York, tarakilishi ya Deep Blue ilimshinda bingwa wa dunia, Garry Kasparov, kwa alama 3.5 dhidi ya 2.5. Ile ilikuwa mashine kubwa iliyoundwa mahususi kwa kazi hiyo. Leo hata programu ya simu ya mkononi humlemea bingwa. Kwa nini basi nijisumbue kumfundisha mtoto kwa maneno yangu? Kila jioni niliingiza michezo yake katika tarakilishi, nikamsomea hukumu: hapa umekosea, hapa umekosea tena, hapa umempoteza farasi bure. Siku ya nne alizikusanya kete zake, akasema, "Kaka, cheza na hiyo mashine yako."

Nilimwona mwoga wa ukweli.

Siku chache baadaye niliketi chini ya mgunga, wazee wakicheza mchezo wa vishimo na kokoto. Mmoja alikosea waziwazi. Wenzake walicheka, naye akacheka, kisha kokoto zikarudishwa zilipokuwa ili aeleze alichokusudia. Kosa lake likawa mazungumzo ya alasiri nzima.

Hapo ndipo nilipokumbuka jinsi Stockfish yenyewe inavyotengenezwa. Ilizaliwa mwaka 2008 kutokana na Glaurung, programu ya Tord Romstad wa Norwei. Tangu 2013, wapenzi wa kazi hii kutoka nchi mbalimbali huazima nguvu za tarakilishi zao kwa hiari ili kuijaribu. Mtu akipata wazo la kuiboresha, toleo jipya hupambanishwa na la zamani katika maelfu ya michezo. Mawazo mengi hushindwa, hukataliwa, na mwenye wazo hurudi na jingine. Mashine niliyoifanya hakimu asiyekosea ilikuwa zao la watu wanaokosea kila siku bila kuaibishana. Mimi nilichukua matunda ya uvumilivu wao, nikayageuza kiboko.

Nilimwomba ndugu yangu radhi, nikaifunga tarakilishi. Tulipanga upya mchezo alioshindwa, nikamwuliza: "Hapa ulikuwa unakusudia nini?" Alieleza kwa muda mrefu. Alikuwa na mpango mzuri wa kumzingira mfalme. Alichosahau ni kumlinda farasi tu. Katika siku nne za hukumu sikuwahi kuuona mpango huo. Baadaye ni yeye aliyeniambia, "Sasa tuiulize mashine."

Ndugu msomaji, wengi wetu katika chama hiki tunasomea ualimu. Kesho tutakabidhiwa insha za watoto na kalamu nyekundu, nayo kalamu hiyo, kama ile programu, ni hodari wa kuonyesha palipoharibika. Kabla ya kuishika, tumwulize mwanafunzi alikuwa anakusudia kusema nini.