Binti anapoandika habari za michezo

Wazazi wake, wafugaji wa Oldonyo Sambu, walidhani binti yao ameajiriwa mjini Arusha kutazama mpira. Jumamosi na Jumapili, siku ambazo ndugu hukutana, yeye yuko Uwanja wa Sheikh Amri Abeid na daftari lake. Mechi huisha jioni na mhariri anasubiri habari. Akimaliza kuandika, magari ya barabara ya Namanga yamebaki machache.

Wasichokiona nyumbani ni uzito wa tarakimu. Septemba 15, 2025, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya Mashindano ya Dunia jijini Tokyo kwa saa 2:09:48. Amanal Petros wa Ujerumani aliandikiwa muda huohuo. Picha ya mstari wa kumalizia ndiyo iliyowatenganisha, kwa sekunde 0.03. Mwandishi chipukizi akikimbilia kuandika kuwa wametoka sare, ameinyima Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo.

Mama alipoelezwa hayo alinyamaza, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, usiku unarudije?" Wakakubaliana kuwa siku za mechi alale kwa shangazi yake anayeishi Sakina.

Mzazi, kabla ya kumgombeza binti kwa kuchelewa, muulize ratiba yake, kisha panga naye mahali salama pa kulala.