Mwenye Jembe na Mwenye Shauri

Kulima ni kazi ya mkono na akili. Mkono hushika jembe, akili hushika shauri. Lakini katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki kazi hii moja iligawiwa watu wawili: jembe alipewa mwanamke, na shauri lilichukuliwa na mwanamume. Mwanamke alipanda, akapalilia, akavuna, akapura, akatunza mbegu darini juu ya moshi wa jiko. Ila zao gani lipandwe, kiasi gani kiuzwe, na fedha ziingie mkoba wa nani, hayo yalikuwa mambo ya kuulizwa mtu mwingine. Kwa hivi mwanamke aitwaye leo mkulima anayeanza si lazima awe mgeni wa shamba. Yamkini amelima miaka thelathini. Jembe alilianza utotoni. Aanzacho sasa ni shauri. Mafunzo yasiyotambua tofauti hii humfundisha mwanamke alijualo na kumnyima alikosalo.

Ugawaji huo haukuzaliwa shuleni, lakini shule ziliuongezea nguvu. Katika zama za ukoloni mtaalamu wa kilimo aliyetembelea vijiji aliitwa bwana shamba, na jina lilimfaa, maana alikuwa bwana aliyesema na mabwana. Wanaume waliitwa kuonyeshwa mbegu na mbolea ilhali wake zao walikuwa wameinama katika matuta yaliyongojea mbegu hizo. Nchini Kenya, chama cha Maendeleo ya Wanawake kilipoanzishwa mwaka 1952, mafunzo yake katika Jeanes School ya Kabete yalielekea zaidi kushona, kupika, usafi wa nyumba na malezi ya watoto. Miaka miwili baadaye Mpango wa Swynnerton ulileta hati za ardhi, mazao ya biashara na mikopo, na hati ziliandikwa aghalabu kwa jina la mwanamume mkuu wa nyumba. Hapana ubaya katika kujua kushona. Ubaya ulikuwa katika kumfundisha sindano mtu ambaye siku yake nzima ilikwisha kwa jembe, na kumfundisha jembe mtu ambaye hakulishika sana. Ester Boserup, mtaalamu wa uchumi wa Denmark, alilieleza kosa hili katika kitabu alichokitoa mwaka 1970 juu ya nafasi ya mwanamke katika maendeleo ya uchumi. Tangu hapo imekuwa vigumu kwa mtunga mipango kudai kwamba hakuambiwa.

Palipokuwa na neno la kilimo kwa wanawake, mara nyingi lilikuja katika sura ya amri. Huko Murang'a, katika miaka ya 1947 na 1948, wanawake ndio waliobeba sehemu kubwa ya kazi ya lazima ya kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, na wao ndio waliosimama wakakataa. Huko Uluguru, mwaka 1955, amri ya kukata milima kwa ngazi ilileta ghasia. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na mwanamke wa huko ana neno katika ardhi. Lakini wenye ardhi hawakuulizwa. Ngazi zilipokatwa, udongo wenye rutuba ulifukiwa chini na udongo mkavu wa chini ukaja juu, na katika miteremko ile mikali mazao yalidhoofika. Wataalamu walikuwa na haki ya kuogopa mmomonyoko, kwa sababu mvua haina huruma kwa mlima ulio uchi. Lakini walimtaka mkulima atende kabla hajaona, na alipoona kinyume cha aliyoambiwa walimwita mkaidi.

Njia tofauti ilizaliwa mbali, katika mashamba ya mpunga ya Indonesia. Huko mdudu mdogo wa rangi ya hudhurungi, afyonzaye utomvu wa mpunga, alikuwa ameharibu mavuno mengi katika miaka ya 1970 na 1980. Wakulima walimpigia dawa, naye akazidi, kwa kuwa dawa iliua kwanza buibui na wadudu wengine waliokuwa wakimla. Mwaka 1986 serikali ya nchi ile ilipiga marufuku aina 57 za dawa zilizotumiwa katika mpunga, na mwaka 1989, kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, wakulima walianza kukusanywa katika madarasa yasiyokuwa na kuta, ili wajue wenyewe nani adui na nani rafiki katika mashamba yao. Njia hiyo ilifika Kenya katikati ya miaka ya 1990. Kuanzia mwaka 1999, kwa fedha za Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo, ilienezwa katika Kenya ya magharibi, Uganda, na Kagera katika Tanzania. Kwa Kiswahili iliitwa shamba darasa.

Jina hili lina maana kamili. Watu kati ya ishirini na thelathini hukutana mara moja kwa juma tangu kupanda mpaka kuvuna. Shamba ndilo kitabu chao. Kipande kimoja hulimwa kwa desturi ya kijiji, na cha pili hulimwa kwa njia mpya: pengine mbegu nyingine, pengine nafasi nyingine kati ya mistari, pengine samadi mahali pa mbolea ya dukani. Kila juma wanafunzi hugawanyika katika vikundi vidogo, huingia shambani, hupima urefu wa mmea, huhesabu majani, huokota wadudu, hutazama udongo na hali ya mawingu. Kisha hukaa kivulini, huchora yote waliyoyaona juu ya karatasi kubwa, na mmoja wao husimama mbele ya wenzake akaeleza na kutetea. Mdudu asiyejulikana tabia yake hutiwa katika kichungu pamoja na mdudu mwingine, ionekane nani atamla nani. Mwisho wa mazungumzo huamuliwa kitakachofanywa juma lile. Mwezeshaji yupo, lakini kazi yake ni kuuliza. Ajibupo upesi mno, huwa ameiba somo.

Ni rahisi kuona kwa nini darasa la namna hii lilimfaa mwanamke. Asiyejua kusoma aliweza kuchora jani lililotobolewa na kiwavi, na mchoro wake ulikuwa hoja sawa na hoja ya aliyesoma. Shamba lilikuwa karibu na nyumbani, na saa ya kukutana ilipangwa na wanafunzi wenyewe, wakazingatia maji, kuni na watoto. Lakini faida iliyo kubwa zaidi ilikuwa ile ya kusimama. Mwanamke aliyezoea kunyamaza mbele ya wakwe na wazee alitakiwa kusema mbele ya wanaume, kwa hesabu na ushahidi, kwamba kipande kile kinashinda hiki na kwa nini. Juma la kwanza sauti ilikuwa haisikiki. Baada ya majuma kumi, mtu anayeweza kutetea majani ya maharagwe mbele ya kijiji huweza kutetea na jambo jingine. Hapo ndipo shauri lilipoanza kuhamia mahali lilipo jembe.

Matokeo yalipimwa. Kristin Davis na wenzake walichunguza shamba darasa za Kenya, Uganda na Tanzania, wakatoa matokeo yao mwaka 2010 na tena mwaka 2012. Wanawake walikuwa karibu nusu ya wanafunzi wote. Kwa nchi zote tatu pamoja, mapato ya waliojifunza yaliongezeka kwa asilimia 61. Katika Kenya thamani ya mazao ilipanda sana, na katika Tanzania mapato ya kilimo yaliongezeka zaidi ya mara mbili. Katika Uganda hapakuonekana ongezeko la maana kwa watu wote kwa jumla. Lakini hesabu ya Uganda ilipotenganishwa, ilidhihirika kwamba nyumba zilizoongozwa na wanawake zilinufaika zaidi kuliko zilizoongozwa na wanaume. Habari hii yastahili kutafakariwa. Mwanamke aongozaye nyumba yake ni mtu ambaye jembe na shauri vimekutana mkononi mwake, mara nyingi kwa msiba wa kufiwa au kuachwa. Alichojifunza Jumanne aliweza kukitenda Jumatano, wala hakuwa na wa kumwomba ruhusa. Wenzake walioolewa walisikia somo lile lile, lakini njiani kutoka darasani mpaka shambani walikuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Mlango huo waonekana vizuri katika Buhaya. Shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa huitwa kibanja, na kwa desturi ni mali ya ukoo irithiwayo na wanaume. Nje ya vibanja kuna nyika ya majani iitwayo rweya, na humo mwanamke alipata kiraka chake, omusiri, akapanda njugu mawe na mazao mengine ya msimu, kisha akakiacha kipumzike. Udongo wa kibanja ulinenepeshwa kwa samadi na kwa majani yaliyokatwa rweya, na mikono ya wanawake ilikuwa miongoni mwa mikono iliyoyabeba. Bibi arusi aingiapo katika kibanja cha mumewe hukuta migomba iliyopandwa na watu asiowajua, na hutumia maisha yake kukirutubisha kitu kisichoitwa chake.

Mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera katika muongo wa kwanza wa karne hii, jambo hilo lilipata uzito mpya. Ugonjwa huu huyafanya majani yasinyae, matunda yaive kabla ya wakati na kuoza kwa ndani, na mgomba uliokatwa hutoa usaha wa manjano. Hauna dawa ya kunyunyiza. Kinga yake ni maarifa na haraka: kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya kisu, kuunguza panga motoni kabla ya kugusa mgomba wa pili, na kung'oa mgomba ulioambukizwa mara dalili zionekanapo. Mwanamke aliyefunzwa aweza kuijua dalili ya kwanza mapema kuliko mtu yeyote wa nyumbani, kwa sababu yeye hupita chini ya migomba kila siku. Lakini je, ana amri ya kung'oa mgomba wa ukoo? Asipokuwa nayo, atangoja mumewe arudi safarini, au shemeji akubali, au wazee wakae kikao. Wakati huo wote nyuki hawangoji; huruka ua hadi ua na kuupeleka ugonjwa kwa jirani. Elimu isiyokuwa na mamlaka humwonyesha mtu hasara yake mapema, akaitazama ikija.

Sheria imejaribu kuufungua mlango huo. Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963 lilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo katika maisha yake bila ya kuiuza, maadamu wako wanaume wa ukoo ule. Mwanamke mmoja wa Buhaya, aliyerithi ardhi kwa wasia wa baba yake, aliiuza mwaka 1988 kwa kuwa alikuwa amezeeka na hana wa kumtunza, na jamaa yake wa kiume alimshitaki. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alitazama hati ya haki iliyotiwa katika katiba mwaka 1984, akaamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilikwenda mbele zaidi: ilimpa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume, ikabatilisha mila imnyimayo haki hiyo, na ikataka wajumbe watatu kati ya saba wa Baraza la Ardhi la Kijiji wawe wanawake. Maneno hayo ni mazuri. Lakini mwanamke anayejua idadi ya wadudu katika shina moja la mahindi na hajui kifungu kimoja cha sheria hii amesoma nusu ya somo la kilimo.

Hatari ya kuacha nusu hiyo si ya Buhaya peke yake. Nchini Gambia mpunga ulikuwa zao la wanawake tangu zamani. Mradi wa umwagiliaji wa Jahaly na Pacharr ulipoanza mwaka 1984, wafadhili walisisitiza mashamba yaandikwe kwa majina ya wanawake, yakaandikwa. Kisha yalihesabiwa kuwa mashamba ya nyumba nzima, na shamba la nyumba nzima, kwa desturi ya huko, huamuliwa na mwanamume. Majina yalibaki ya wanawake, na kazi vilevile. Mavuno yalikwenda kwingine. Mafanikio yenyewe yaweza kuwa mtego, kwa kuwa zao lisilo na bei huachwa kwa mwanamke, na lipatapo bei hupata na bwana.

Wako wasemao kwamba shamba darasa ni njia ghali na ya polepole, kwamba watu ishirini na tano kwa msimu ni tone katika bahari, na kwamba waliofunzwa hawawapi majirani elimu yote waliyoipata. Hoja hizi zina uzito. Mbegu bora yaweza kutangazwa kwa redio siku moja na kusikika na maelfu. Lakini redio hutoa habari. Haiwezi kumsikiliza mwanamke atoapo hoja yake ya kwanza, wala haiwezi kumshuhudia mbele ya mumewe na jirani zake kwamba alisema kweli. Kipande kilichostawi mbele ya macho ya kijiji ni shahidi asiyeweza kukanushwa na mkwe. Palipo na wanaume katika darasa, nao hujifunza jambo lisiloandikwa katka ratiba yoyote: kwamba mwenzao aliyekuwa akinyamaza alikuwa akiona.

Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo lilikadiria kwamba kama wanawake wakulima wangepata nyenzo sawa na wanaume, mavuno ya mashamba yao yangeongezeka kwa asilimia 20 mpaka 30, na watu kati ya milioni 100 na milioni 150 wangetoka katika njaa. Hesabu hii yatosha kumwamsha mwenye hazina aliyesinzia. Hata hivyo haki ya mwanamke katika shauri la shamba isingepungua kama nyongeza ingekuwa debe moja tu. Atengezaye mafunzo kwa wakulima wanawake wanaoanza na ajiulize, kabla ya mbegu na kabla ya mbolea: siku somo litakapokwisha, mwanamke huyu atakuwa na uwezo wa kuamua jambo gani ambalo jana hakuweza kuliamua? Jibu likikosekana, ameongezewa kazi na kuitwa amesaidiwa.