Amwita rafiki yake tapeli kisa gemu inaganda, kumbe tatizo alilibeba mwenyewe kwenye kirikuu

Kuna jamaa mmoja hapa Dar, jina kapuni, kazi yake ni kuhariri video za harusi na sendofu. Mchana anakata video za watu, usiku anakata wachezaji wenzake kwenye gemu. Wanaomfahamu wanajua mashine yake ndiyo jembe lake na ndiyo starehe yake. Ikilala, na yeye kalala njaa.

Mashine yenyewe aliunganishiwa na mshikaji wake. Hawa walikaa dawati moja tangu darasa la kwanza, wakaja mjini pamoja, wakachangia chumba kimoja pale Sinza hadi kila mmoja alipojipata. Mshikaji ana fremu Kariakoo, anauza na kuunganisha kompyuta. Alimtafutia kila kitu kwa bei ya kishkaji: prosesa ya Core i5-10400, kadi ya GTX 1660 Super, RAM vipande viwili vya GB 8 na SSD. Hela ya ufundi hakuchukua hata mia.

Haikuwa mashine ya kutisha, lakini ilikuwa inafanya kazi. GTA V ilikuwa inateleza, fremu zaidi ya 80 kwa sekunde. Video ya harusi ilikuwa inatoka ndani ya dakika 40. Mwaka mmoja na nusu jamaa hakuwa na kesi na mtu.

Halafu akahama. Kutoka Sinza akaenda Goba, ndani ndani kule, kodi nafuu na kimya kwa kazi zake. Wiki ya kwanza tu matatizo yakaanza.

Akiwasha mashine, fresh. Anafungua YouTube, fresh. Anajibu wateja, fresh. Akiingia kwenye gemu, dakika mbili za mwanzo anatamba, ya tatu kila kitu kinakuwa kizito. Fremu zinaporomoka hadi 25, picha inakatikakatika, adui anamtokea mbele kabla hajageuka. Feni inalia kama ndege inataka kuruka. Akizima gemu, baada ya muda mashine inatulia kama siyo yenyewe.

Alianza na bando, akidhani mtandao wa Goba ndio unamwangusha. Akabadilisha laini, hakuna kitu. Na hapo ndipo wengi wanapopotea: mtandao ukiwa mbovu, wachezaji wenzako ndio wanarukaruka na risasi zinachelewa kufika, ila ukigeuza kamera yako inageuka laini kabisa. Ya jamaa ilikuwa inakwama hata kwenye gemu isiyohitaji intaneti.

Akashusha ubora wa picha hadi wa chini kabisa. Gemu ikawa mbaya kama katuni za zamani, lakini fremu zikabaki zile zile. Akaweka Windows upya, akaweka draiva mpya, akafuta nusu ya vitu vyake. Wapi.

Sasa stresi ikaingia. Video iliyokuwa inatoka kwa dakika 40 ikawa inakula saa mbili. Bi harusi mmoja akapiga simu mara tatu kwa siku, mara ya nne akapiga mama yake. Unajua tena mama wa bi harusi akishapiga simu, hiyo siyo simu, ni kikao.

Jamaa akampigia mshikaji wake. Mshikaji alikuwa na wateja, akamwambia, "Mwanangu, ilete Jumamosi niiangalie." Yeye akasikia kitu kingine kabisa. Akasikia mtu anayemkwepa. Usiku huo akakaa akiunganisha mambo kichwani: kadi ilikuwa used, bei ilikuwa ndogo mno, ufundi ulikuwa wa bure. Akajiambia hapa nilipigwa.

Hakusubiri Jumamosi. Akapiga picha ile kadi, stika ya fremu ya mshikaji ikionekana vizuri, akaitupia WhatsApp status: "Mafundi wengine ni matapeli wanaocheka na wewe. Kuweni makini na hii fremu." Ndani ya saa moja picha ikawa imeshafika kwenye magrupu ya wacheza gemu.

Mshikaji alipiga simu mara mbili usiku ule. Jamaa akaiangalia ikiita mpaka ikakata.

Asubuhi akachukua hela ya kodi ya miezi mitatu iliyokuwa imetulia benki, akaenda kwa muuzaji mwingine, akanunua kadi kubwa zaidi, RTX 3060 ya mtumba, laki saba kasoro. Ile ya zamani akamuuzia dogo mmoja wa chuo kwa laki mbili, tena akimwonya kwamba haina maisha marefu.

Akafunga kadi mpya, akawasha gemu huku amekunja mikono. Dakika ya kwanza safi. Ya pili safi. Ya tatu fremu 25, na feni inalia vile vile.

Unaambiwa alikaa kwenye kiti kama mtu aliyepewa majibu ya hospitali.

Wiki hiyo alikuwa na mgeni, binamu yake wa kike kutoka Tanga, amemaliza form six anasubiri chuo. Siyo mtu wa kompyuta kivile. Alikuwa anakuna nazi, akasikia mlio wa feni, akaja kusimama mlangoni.

"Kaka, hii ilianza lini kulia hivi?"

"Tangu nihamie huku."

"Kwa hiyo Sinza haikuwa hivi?"

"Haikuwa."

"Sasa kati ya Sinza na huku ilipata nini?"

Jamaa hakuwa na jibu. Mwezi mzima alikuwa anauliza nani kamuuzia kitu kibovu. Hakuwahi kuuliza nini kilibadilika.

Ilipata kirikuu. Mashine ilisimamishwa wima kati ya friji na godoro, ikapigwa makorongo ya barabara ya vumbi mwanzo mwisho.

Wakakaa chini wawili. Binti akawa anasoma kwenye simu, jamaa anafuata. Wakafungua Task Manager gemu ikiwa inachezwa, upande wa utendaji. Kadi mpya, ile ya laki saba, ilikuwa inafanya kazi kwa asilimia 30 na kitu tu. Yaani imekaa, imekunja nne, inasubiri.

Sasa hapa ndipo penye somo lenyewe. Kwenye gemu, prosesa ndiyo inapiga hesabu za nani yuko wapi na nini kinatokea, halafu inaikabidhi kadi ichore. Ukishusha ubora wa picha unaipunguzia kazi kadi. Fremu zikipanda, ujue kadi ndiyo iliyokuwa imezidiwa. Zikigoma kupanda, kadi haina kosa, inamsubiri mwenzake. Jamaa alikuwa na jibu hilo mkononi tangu siku ile aliposhusha picha mpaka ikawa katuni. Hakulisoma, kwa sababu mtu wa kulaumu alishampata.

Kuhusu joto alikuwa anajiamini. Task Manager ilikuwa inaonyesha nyuzi 60 na kitu, akajua mashine haichemki. Kumbe zile ni nyuzi za kadi. Joto la prosesa Task Manager haikuonyeshi. Wakashusha HWiNFO, programu ya bure, wakawasha gemu tena.

Prosesa: nyuzi 100.

Hiyo i5-10400 mwisho wake ndiyo nyuzi 100. Ikifika hapo haisubiri kuungua, inapunguza mwendo yenyewe ili ijiokoe. Kwenye gemu kawaida yake inapanda karibu na gigahezi 4. Siku ile ilikuwa inatambaa chini ya 2. Ndiyo maana kwenye YouTube ilikuwa mzima: kazi ndogo, joto dogo. Ndiyo maana video zilikuwa zinachelewa: ile nayo ni kazi ya prosesa.

Wakazima, wakachomoa umeme, wakafungua mfuniko. Feni inayokuja na prosesa za Intel inakaa juu ya chuma cha kupozea, na hicho chuma kinashikwa kwenye bodi na pini nne za plastiki. Pini moja ilikuwa imechomoka kabisa. Ya pili ilikuwa inaning'inia. Chuma kimeinuka upande mmoja, hakigusi prosesa vizuri. Feni inapuliza kwa nguvu zake zote, ila joto halifiki kwenye chuma.

Kilichobaki kilikuwa kidogo. Wakanunua kichupa cha pesti ya kupitisha joto, elfu kumi. Wakafuta ile ya zamani iliyokauka kwa kitambaa na spiriti, wakaweka tone dogo kama punje ya choroko, wakabana pini kwa kukata kona, moja huku na nyingine upande wa pili, hadi kila moja ikatoa mlio wake. Wakapuliza na vumbi la Goba lililokuwa limeshaweka makazi.

Gemu ikawashwa. Dakika ya tatu ikapita. Ya kumi ikapita. Prosesa ikasimama kwenye nyuzi 71, feni inanong'ona tu.

Binti akashangilia. Jamaa hakushangilia. Alikuwa ameshika simu, anapandisha meseji za WhatsApp kati yake na mshikaji wake, za kabla hajahama. Akaikuta. "Mwanangu siku ya kuhama nishtue nije nichomoe kadi na niilaze mashine, usiibebe imesimama." Chini yake, jibu lake mwenyewe: kidole gumba.

Alitaka kumtumia meseji ya samahani usiku ule ule, yaishe kimya kimya. Binamu yake akamwambia, "Kaka, kumchafua ulimchafua uwanjani. Samahani utaipeleka chumbani?"

Akaweka status. Akaeleza yote, pini, kirikuu, nyuzi 100, na kwamba kadi haikuwa na tatizo, hata dogo wa chuo anacheza nayo hadi leo bila kesi. Ile ya kumwita mwenzake tapeli ilikuwa imeangaliwa na watu 214. Hii ya kumsafisha iliangaliwa na 61. Na hakuna grupu lililoisambaza.

Jumamosi akabeba mashine hadi Kariakoo. Safari hii aliipakata kwenye bajaji, ameilaza mapajani kama mtoto mgonjwa. Mshikaji alimkaribisha, akamvutia kiti. Jamaa akaomba msamaha mbele ya wateja wawili waliokuwepo. Mshikaji akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Poa. Yameisha."

Halafu, bila hasira, akamwambia kitu ambacho jamaa hakukijua. Kuna watu wa gemu senta walikuwa wameshakubaliana naye kuhusu mashine nne. Siku mbili baada ya ile status wakampigia kughairi. Mmoja alimtumia na skrinishoti.

"Status inakaa saa 24," akasema. "Skrinishoti haina saa."

Akafungua mashine, akagusa zile pini moja moja, akasema zimebanwa vizuri. Akaongeza feni ndogo nyuma ya kutolea hewa ya moto, akapanga nyaya, akafunga. Jamaa akasimama aondoke kama alivyozoea. Mshikaji akachukua kitabu cha risiti.

"Feni elfu 25. Ufundi elfu 20."

Miaka yote ya urafiki wao, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kutajiwa bei ya ufundi. Jamaa akalipa, hakuomba punguzo. Risiti anayo mpaka leo, ameibandika ukutani pembeni ya skrini.

Kodi ya miezi mitatu bado anaidaiwa. Mashine inateleza kuliko zamani. Wikiendi usiku wanacheza pamoja mtandaoni, timu moja, ila zile simu za saa sita usiku za kuulizana "mwanangu umelala?" bado hazijarudi.

Haya, wadau. Ungekuwa wewe ndiye fundi, ungechukua ile elfu 20 au ungeiacha?