Nauli ya Mmoja

Safari hutamaniwa na watu wengi, na sababu ya kutamaniwa si moja. Yuko asafiriye kwa elimu, yuko asafiriye kwa mali, na yuko asafiriye ili ijulikane tu kuwa amesafiri. Lakini kila safari, iwe ya heri au ya shari, ina watu wa namna mbili: mwenye kwenda na mwenye kubaki. Habari za mwenye kwenda husimuliwa na kuandikwa. Habari za mwenye kubaki ni nadra kuulizwa, ingawa mara nyingi nauli ya mwenye kwenda ilitoka mfukoni mwake.

Watu wa Kwa Sadala wana sababu ya kuyajua haya kuliko wengi. Soko lao limekaa kando ya barabara kuu itokayo Moshi kwenda Arusha, katika wilaya ya Hai, na kiwanja cha ndege cha Kilimanjaro, kilichofunguliwa mwaka 1971, hakiko mbali upande wa magharibi. Kila siku magari huwapita wauza ndizi na wauza maharage, yakiwachukua wageni waliokuja kupanda mlima. Wageni hutoka ng'ambo na kurudi ng'ambo. Muuza ndizi huona migongo yao. Mtoto wa sokoni hukua akiujua mlio wa ndege kabla hajaijua bei ya kuipanda.

Katika soko hilo alikuwako mzee mmoja muuza ndizi, mwenye kihamba kidogo upande wa juu, mke, watoto wanne na ng'ombe mmoja wa maziwa. Binti yake wa tatu, alipofika umri wa miaka kumi na mitatu, alijiunga na klabu ya taekwondo iliyofanya mazoezi yake katika darasa la shule baada ya masomo, madawati yakiwa yamesogezwa ukutani. Mzee hakupendezwa. Kwake yeye mguu wa binti uliumbwa kwa kutembea, wala si kwa kurushwa kichwani pa mwenziwe. Jioni moja alishika njia kwenda kumtoa. Alipofika mlangoni aliwaona watoto wapatao ishirini, wamejipanga wawili wawili. Kila wawili waliinamiana kwa heshima kabla ya kugusana, wakainamiana tena baada ya kugusana, mpigaji na mpigwaji sawasawa; na mdogo alimwinamia mkubwa kwa unyenyekevu kama wa mtoto asemaye shikamoo. Mzee alisimama kwa kitambo, akarudi nyumbani peke yake, wala hakusema neno. Kunyamaza kwake kulihesabiwa kuwa ruhusa.

Asili ya mchezo huo ni Korea. Katika jina lake, tae ni mguu, kwon ni ngumi, na do ni njia. Basi ni njia ya mguu na ngumi, na walimu wake husisitiza njia kuliko ngumi. Jina lilikubaliwa mwaka 1955, na shirikisho la dunia likaundwa Seoul mwaka 1973. Mchezo ulionyeshwa katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 na ya Barcelona mwaka 1992, ukaingizwa rasmi katika michezo ya nishani huko Sydney mwaka 2000. Mwanafunzi huanza na mkanda mweupe, hupanda kwa mitihani hata aufikie mweusi. Ngumi ya kifuani huleta alama moja, teke la kifuani mbili, teke la kichwani tatu, na teke la kuzunguka hulipwa zaidi kwa sababu ya ugumu wake. Hesabu hii yaweza kujifunzwa Kwa Sadala kama Seoul, maana mguu hauna uraia.

Lakini hesabu ni jambo moja, na mwenye kuhesabu ni jambo jingine. Katika lile darasa mateke yalihesabiwa kwa macho: mwalimu akiona teke limefika, alama imeingia. Katika mashindano makubwa sivyo. Kinga ya kifua na soksi za mchezaji zimetiwa vifaa vya umeme, na mtambo ndio usemao kama teke limefika, tena kama limefika kwa nguvu ipasayo. Mchezaji asiyepata kuivaa kinga hiyo aweza kupiga teke la kupigiwa makofi, kisha akatazama ubao akaona sifuri. Aidha, cheo cha mchezaji duniani hupimwa kwa alama azipatazo katika mashindano yaliyotambuliwa na shirikisho la dunia, na mengi ya hayo hufanywa mbali. Asiyesafiri hapati alama. Asiye na alama hana cheo. Asiye na cheo hajulikani. Hivyo umaskini wa nauli huandikwa katika orodha kana kwamba ni udhaifu wa miguu.

Binti alipotimiza miaka kumi na minane alikuwa na mkanda mweusi. Mwaka huo barua ilifika klabuni ikiwaalika wachezaji kwenye mashindano ya Ulaya. Furaha ilikuwa kubwa hadi barua iliposomwa mara ya pili. Hapo ilionekana kwamba mwaliko ulikuwa mlango tu, na ufunguo ulikuwa juu ya mgeni mwenyewe: nauli, viza, bima, malazi na ada ya kushindana. Mwalimu alipiga hesabu ubaoni kwa chaki. Akiba yote ya klabu, pamoja na michango ya wazazi wote, ingetosha mtu mmoja, kama ingetosha. Jina la mtu huyo halikuwa na haja ya kutajwa.

Usiku ule mzee alisema na mkewe habari za ng'ombe.

"Tukimwuza, pengo litazibika," alisema.

"Ng'ombe huyu ndiye ada ya wadogo zake," mama alijibu. "Leo tutamwuza ili mmoja aende. Mwakani tutauza nini ili wengine wabaki shuleni?"

Binti alikuwa nyuma ya mlango na maneno hayo aliyasikia. Asubuhi alikwenda kukata majani ya ng'ombe kabla ya kuamshwa, jambo ambalo hakuwa na desturi ya kulifanya.

Jumapili wazazi walikutana katika darasa la mazoezi. Yuko aliyesema, "Akishinda yeye tumeshinda sote." Yuko aliyeuliza, "Na akishindwa?" Swali hilo halikujibiwa upesi. Mama mmoja, ambaye mwanawe alikuwa na mkanda wa njano tu, alisema kwa upole kuwa hana kinyongo na mtoto wa mtu, ila angependa kujua mwanawe atapata nini kwa shilingi zake. Baadhi ya watu walimwona mchoyo. Kwa kweli yeye ndiye aliyegusa kiini cha jambo.

Mwalimu alijaribu kuwatia moyo kwa mifano. Aliwaeleza kwamba katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, Cheick Sallah Cissé wa Ivory Coast alikuwa nyuma katika pambano la mwisho, akapiga teke la kichwani muda ukiwa karibu kwisha, akaipatia nchi yake dhahabu ya kwanza ya Olimpiki. Katika michezo iyo hiyo Ruth Gbagbi, wa nchi hiyo, alipata shaba, na Abdoul Razak Issoufou wa Niger alipata fedha. Nchi hizo si tajiri, alisema. Na wazazi walitikisa vichwa kwa kukubali.

Kisha akataja mfano mwingine, ulio karibu zaidi. Katika kambi ya wakimbizi ya Mahama, mashariki ya Rwanda, aliishi Parfait Hakizimana, Mrundi. Alipokuwa mtoto, mwaka 1996, kambi ya watu waliohamishwa makwao ilishambuliwa. Mama yake aliuawa, naye alipigwa risasi, mkono wake wa kushoto ukabaki na ulemavu. Taekwondo aliianza katika ujana. Mwaka 2015 aliikimbia Burundi kwa machafuko, na huko Mahama akaanzisha klabu, akawafundisha wakimbizi wenzake zaidi ya mia moja. Mwaka 2021 alishindana Tokyo katika Paralimpiki, mmoja wa wachezaji sita wa timu ya wakimbizi, katika michezo iliyopokea taekwondo kwa mara ya kwanza. Hakupata nishani. Lakini klabu yake ilikuwa imekwisha kuwa klabu kabla hajapanda ndege, na wale aliowafundisha hawakuhitaji ushindi wake ili wawe wamepata kitu.

Hapo mzee muuza ndizi alisimama. Watu walinyamaza, maana ni baba wa mwenye kwenda, na walidhani atawaomba.

"Baba yangu alikuwa mkulima wa kahawa," alisema. "Nyinyi nyote ni watoto na wajukuu wa wakulima wa kahawa. Hakuna mtu wa mlimani hapa aliyelipeleka gunia lake ng'ambo peke yake. Wazee walianza chama mwaka 1925, mwaka 1933 wakawa na ushirika, KNCU, na kilo za huyu zikachanganywa na kilo za yule. Haba na haba ikavuka bahari. Mimi sioni ajabu watu wengi kukipeleka kitu kimoja ng'ambo. Lakini kahawa ilipokwenda, fedha ilirudi, na kila mtu alipata kadiri ya kilo zake. Miaka ambayo fedha haikurudi mnaijua. Watu waling'oa mibuni. Basi mimi sibishani juu ya kwenda. Nauliza juu ya kurudi. Mwanangu akienda, huyu mwenye mkanda wa njano atarudishiwa nini?"

Alipoketi, hakuna aliyemtazama binti. Binti alikuwa akitazama sakafu, na ni vigumu kusema kama machozi yake yalikuwa ya hasira au ya aibu. Pengine yalikuwa ya vyote viwili. Kwa maana kusemewa haki mbele ya watu na baba yako mwenyewe, hali haki hiyo yakunyima ulichokitamani, si mzigo mwepesi kwa kijana.

Uamuzi ulitoka kwa mwalimu. Alisema kwamba ng'ambo ya kwanza ya Mtanzania wa kaskazini si Ulaya, ni Namanga. Nauli ya mtu mmoja kwa ndege ingetosha watu wanane kwa basi hadi Nairobi, pamoja na chakula na pa kulala. Wala Nairobi si mahali pa kudharauliwa. Kenya ilimpeleka Milka Akinyi Athens mwaka 2004. Mwaka 2008 iliwapeleka Mildred Alango na Dickson Wamwiri Beijing. Na Faith Ogallo, aliyepata nafasi yake katika mchujo wa Afrika uliofanywa Rabat mwezi wa Februari 2020, alishindana Tokyo mwaka 2021. Kwa jirani kama huyo kuna la kujifunza. Barua ya Ulaya ilikunjwa, ikawekwa katika kabati la vitabu.

Walisafiri wanane, na mwenye mkanda wa njano alikuwa mmoja wao. Walipita Arusha na Longido, wakavuka mpaka kwa hati za muda za kusafiria, wakafika jioni. Kesho yake binti alivaa kinga yenye mtambo kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alipiga mateke ambayo Kwa Sadala yangempa ushindi mapema. Ubao ukakaa kimya. Mpinzani wake, aliyeuzoea mtambo, alitia mguu pale ulipotakiwa, akashinda. Mtoto wa mkanda wa njano alishinda pambano moja katika daraja lake na kushindwa la pili, naye alifurahi mno.

Binti alirudi amejikunyata. Aliwaona waliochanga kama wadai. Siku mbili hakushuka sokoni. Siku ya tatu baba yake alimwita kihambani, wakawa wanachagua mikungu ya kukata.

"Mama," alimwambia, maana ndivyo alivyomwita alipomsemesha kwa upendo, "umepata kusikia habari za John Stephen Akhwari wa Mbulu?"

"Nimesikia shuleni, baba. Yule wa Mexico."

"Mwaka 1968 alikimbia marathoni akaumia goti. Waliomaliza walikuwa 57, naye alikuwa wa 57. Mshindi alikuwa ameingia zaidi ya saa nzima mbele yake. Leo taja mshindi wa mwaka ule hapa sokoni, uone ni wangapi watakaomjua. Akhwari hakurudi na nishani, alirudi na kumaliza. Wewe umerudi na nini?"

Binti alifikiri. "Nimerudi na sababu ya kushindwa," alisema.

"Basi kaigawe."

Jumatatu aliingia darasani, akachukua kinga ya kawaida ya klabu, akachora kwa chaki mahali panaposikia mtambo. Aliwaonyesha wadogo namna ya kugeuza mguu ili sehemu yenye vifaa iguse vema, na kwa nini teke la kupendeza macho laweza kukosa alama. Mama wa mwenye mkanda wa njano alikuja kutazama, akasimama mlangoni pale pale aliposimama mzee miaka mitano nyuma. Chaki ilipofutika kwa mateke, binti aliichora tena.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, wahenga walisema. Na yafaa kuongeza kwamba asiyewarudia waliompeleka si mjumbe. Huenda siku moja barua iliyo kabatini, au nyingine iliyo mfano wake, itafunguliwa tena, na ndege ya Kilimanjaro itamchukua mtoto wa Kwa Sadala badala ya kumpita. Hilo ni jambo la kutakiwa, na vijana wana haki ya kulitaka. Lakini siku hiyo itakapofika, atakayepanda atajua kwamba nauli yake ni ya wengi, na kwamba darasani kuna watoto wanaosubiri kuonyeshwa alichokiona.