Funga kompyuta ulale, kazi itaendelea

Kuna ushauri unazunguka sana kati ya vijana wanaokodi seva, na mimi naupinga: "Usifunge kompyuta yako mpaka programu imalize." Huo ni ushauri wa mtu mwenye jenereta. Sisi wengine stima hupotea bila hodi, na bando ya saa moja haingoji mtu.

Binamu yangu yuko mwaka wa mwisho chuoni. Mradi wake ni kufunza modeli itambue magonjwa ya mahindi kwa picha za majani, na mafunzo yanachukua saa kumi na moja kwenye seva. Sasa maabara hufungwa saa tatu usiku. Unajua alikuwa anafanya nini? Anatembea hadi hosteli na kompyuta wazi mkononi, skrini inawaka, data ya simu imewashwa, gizani. Nilipomuuliza akaniambia, "Si mwalimu alisema ukifunga tu, kazi imekufa?"

Mwalimu hakudanganya, ila aliishia katikati. Ukiingia kwenye seva kwa SSH, programu unayoanzisha inafungamana na ile terminali. Muunganisho ukikatika, Linux hutuma ishara namba 1, SIGHUP. Hizo herufi HUP zinamaanisha kukata simu, kweli kabisa, kwa sababu zinatoka enzi za watu kuingia kwenye kompyuta kubwa kwa modemu na laini ya simu ya mezani. Laini ikikatika, mfumo unaona umeenda zako na unafagia ulichoacha. Msichana anahatarisha kompyuta yake barabarani usiku kwa sababu ya simu za mezani!

Watu wengi wakiuliza huambiwa watumie nohup. Sawa, inafanya kazi: programu inapuuza ile ishara, na maandishi yake yanaingia kwenye faili la nohup.out. Lakini huwezi kurudi ndani. Programu ikikuuliza ndiyo au hapana, hakuna wa kuijibu. Ndiyo maana kwangu anayeanza afundishwe tmux kwanza. Iko tangu 2007, na mkubwa wake, screen, tangu 1987, kwa hivyo hii si siri ya wakubwa.

Andika tmux new -s kazi. Anzisha programu yako. Bonyeza Ctrl na b pamoja, achilia, kisha bonyeza d. Umetoka, kazi imebaki. Funga kompyuta, weka kwenye begi, nenda. Ukirudi, tmux attach -t kazi, na utakuta mistari ya karibuni iliyoandikwa ukiwa haupo. Binamu yangu siku hizi huchungulia kutoka kwa simu kwa kutumia Termux, akiwa kwa matatu.

Na ikiwa umeshaanzisha kazi bila tmux na ndio unasoma hii? Ctrl na z, kisha bg, kisha disown. Inasaidia, ila si dawa kamili: programu ikijaribu kuandika kwenye terminali iliyokufa, inaweza kuanguka.

Seva yenyewe ikiwashwa upya, hata tmux inaenda. Kama una boti inayofaa kuwa hewani siku zote, itengenezee huduma ya systemd, itaamka na seva. Pia kuna seva ambazo huua kila kitu chako ukitoka, tmux ikiwemo. Ukiona hivyo, muulize msimamizi kuhusu mpangilio unaoitwa KillUserProcesses.

Halafu weka kengele kwa simu, saa ile kazi inatarajiwa kuisha. Seva ya kulipiwa kwa saa haijui kama umemaliza. Wewe umelala, modeli iko tayari tangu saa tisa usiku, na pesa bado inakatwa.