Injini Ipi: 2.4, 2.6 au 2.8? Jibu kwa Kijana Wetu na kwa Mama Yake



Ndugu wasomaji, maswali mengi yanayotufikia huwa ni ya ndoa, malezi na mirathi. Safari hii limetufikia swali la injini. Limetoka kwa kijana tuliyemsomesha madrasa hapa Kampala, ambaye sasa anafanya kazi Toronto, Kanada. Amejiwekea akiba kwa miaka sita na anataka kununua gari la michezo la miaka ya 70, Datsun ile iitwayo Z. Aliandika: "Maalim, nichukue 240, 260 au 280?" Alituuliza sisi kwa kuwa anajua marehemu baba yetu alikuwa fundi wa magari, na kwamba tulikulia garajini kabla ya kukaa kwenye mkeka wa madrasa.

Hazikupita siku nyingi, mama yake naye akatujia. Yeye hakuwa na haja na injini. Alisema: "Maalim, nakuomba umwambie aache. Yeye ndiye anayewalipia dada zake wawili ada ya shule. Gari la miaka hamsini la kazi gani?"

Tukaona kwamba maswali haya mawili ni swali moja, na kumjibu mmoja bila mwenzake kusingefaa. Tunaliandika hapa kwa ridhaa yao wote wawili. Vijana wetu wengi walioko nje wana hamu kama hii, na wazazi wengi huku nyumbani wana hofu kama hii.

KWA NINI GARI HILI

Kwanza tumtendee haki kijana. Hamu yake haikutoka kwenye kujionyesha. Baba yake, Allah amrehemu, alikuwa mtoto Nairobi zama za East African Safari, mashindano ya magari yaliyokuwa yakipita Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 240Z. Aliyeshika nafasi ya pili ni Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, naye alikuwa na 240Z. Mwaka 1973 Mehta alishinda akiwa na Lofty Drews, tena kwa 240Z. Kwa hiyo kijana huyu alilisikia gari hili nyumbani kwao, kwa mdomo wa baba yake, kabla hajaliona kwa macho. Mtu akikumbuka mzazi wake kwa kitu cha halali, hatuna sababu ya kumcheka.

INJINI TATU ZA UKOO MMOJA

Ama kuhusu injini zenyewe, zote tatu ni za ukoo mmoja. Zote zina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Ya 240Z inaitwa L24 na ujazo wake ni cc 2,393. Ya 260Z ni L26, cc 2,565. Ya 280Z ni L28, cc 2,753. Kutoka 2.4 kwenda 2.6 waliongeza mwendo wa pistoni, kutoka milimita 73.7 hadi 79. Kutoka 2.6 kwenda 2.8 walipanua silinda, kutoka milimita 83 hadi 86.

Kijana alizisoma namba hizi akadhani ni ngazi: ukipanda, unapata gari lenye kasi zaidi. Hapa ndipo tulipomwomba atulie kidogo. Ujazo wa injini hauelezi kasi peke yake. Mara nyingi unaeleza sheria za nchi ambayo gari lilikwenda kuuzwa.

Chukua Japani. Gari hili lilipotoka mwaka 1969 kwa jina la Fairlady Z, Wajapani wengi walilinunua likiwa na injini ya lita 2 tu, kwa sababu magari yaliyozidi hapo yalitozwa kodi kubwa zaidi. Injini ya lita 2.4 ilikusudiwa hasa masoko ya nje.

Kisha tazama Amerika ya Kaskazini, ambako kijana wetu anaishi. Miaka ile ya 70 Marekani ilikaza sheria za moshi wa magari, na injini zilizorekebishwa ili zitoe moshi mdogo zikapoteza nguvu. Ikakaza pia sheria za bampa, nazo zikawa kubwa na nzito. Gari likazidi kuongezeka uzito, hata 280Z ikaizidi 240Z za mwanzo kwa zaidi ya kilo 200. Basi watengenezaji wakawa wanakuza injini ili gari lisirudi nyuma. Ni mfano wa mtu aliyeongezewa mshahara mwaka uleule aliopandishiwa kodi ya nyumba. Namba kwenye karatasi ya mshahara ni kubwa, lakini sahani ya chakula ni ileile.

Na asidanganywe na nguvu za farasi. Ile 151 inayotajwa kwa 240Z ilipimwa kwa utaratibu wa zamani, injini ikiwa peke yake bila mizigo yake yote. Magari ya baadaye yalipimwa kwa utaratibu mkali zaidi, injini ikiwa na vifaa vyake kama inavyokaa ndani ya gari. Kuzilinganisha namba hizo ni sawa na kupima mchele kwa kibaba huku na kwa kilo kule.

KILA MOJA NA TABIA YAKE

Hivyo basi, tulimwandikia sifa za kila moja.

Kwanza, 240Z. Ni nyepesi, na ndiyo wenye kupenda kuendesha wanayoisifia zaidi. Ina kabureta mbili, na fundi mwenye sikio zuri na bisibisi anaweza kuiweka sawa bila kompyuta. Lakini kwa kuwa kila mtu anaitaka, bei yake ndiyo ya juu kuliko zote tatu.

Pili, 260Z. Kule Marekani na Kanada ni gari la mwaka 1974, ingawa kwingine iliendelea kuuzwa hadi 1978. Kasoro yake inayojulikana iko kwenye kabureta. Injini ikipata joto, petroli huchemka kabla haijafika inakotakiwa, gari likasitasita au likakataa kuwaka. Wengi wamezing'oa kabureta hizo wakafunga za magari ya 1970 hadi 1972, na gari likatulia. Ajue pia kwamba 240Z za mwaka 1973 zilizouzwa kule zilikuwa na kabureta za mtindo huohuo wenye lawama. Asitazame jina la nyuma ya gari tu, atazame na mwaka.

Tatu, 280Z, ya kuanzia 1975 hadi 1978. Hii haina kabureta. Petroli inapulizwa kwa mfumo wa umeme uliobuniwa na Bosch. Asubuhi ya baridi inawaka vizuri, na kwenye barabara ndefu inavuta bila kuchoka. Ugonjwa wake mkubwa ni nyaya: maungio ya umeme yakishika kutu, gari hutetemeka na mtu akadhani injini imekufa, kumbe ni kisafishio na subira. Wengi waliikimbia kwa uzito wake na bampa zake, na ndiyo maana bei yake bado iko chini ya 240.

Kuna jambo la nne. Kwa kuwa injini hizi ni ndugu, L28 huingia kwenye bodi ya 240 bila taabu, na wengi wamefanya hivyo. Si dhambi, na gari huwa zuri. Lakini mnunuzi lazima aambiwe. Aina ya injini imechongwa kwenye injini yenyewe, na magari ya kule yana bamba ndani ya boneti lenye namba ya injini iliyotoka nayo kiwandani. Alinganishe. Katika fiqhi ya biashara tunasomesha kwamba aibu ya bidhaa haifichwi, na mnunuzi aliyefichwa ana haki ya kurudisha. Lakini kurudisha gari ni kazi ngumu kuliko kuinama na kusoma bamba.

KUTU KABLA YA CC

Baba yetu alikuwa na kawaida moja garajini. Mteja akileta gari la kununua likaguliwe, yeye alianza chini. Boneti ilifunguliwa mwisho. Akisema injini ni kama mgonjwa, unaweza kumtibu. Bodi iliyooza ni kama nyumba iliyoliwa na mchwa.

Kwa Datsun hizi maneno hayo yana uzito mara mbili. Chuma chake huoza sakafuni, kwenye reli za chesisi zilizo chini ya sakafu, chini ya betri, na nyuma ya milango karibu na matairi. Na Toronto ni mji ambao barabara zake humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu. Gari lililozungushwa humo miaka kadhaa linaweza kuwa na rangi inayong'aa juu na matundu chini. L24 iliyochoka inaweza kufunguliwa ikatengenezwa. Reli za chesisi zilizooza humaliza akiba ya mtu, na bado kazi ikabaki.

Kwa hiyo jibu letu kwa "injini ipi" lilikuwa hili: chagua bodi nzima kuliko zote unayoweza kuilipa taslimu, kisha uipende injini utakayoikuta ndani yake.

HESABU YA MAMA

Kijana alikuwa ameona magari mawili. La kwanza ni 240Z ya 1972. Bei yake ingemaliza akiba yote, na kilichobaki angekopa benki kwa riba. La pili ni 280Z ya 1977, ambayo ingemwachia karibu theluthi ya akiba yake. Moyo wake ulikuwa kwa 240. "Maalim, baba alikuwa akiitaja 240, hakuitaja nyingine."

Tulimjibu kwamba gari aliloliona baba yake barabarani lilikuwa limeandaliwa kwa mashindano, na hakuna duka lililokuwa likiuza vile. Kumbukumbu ya mzazi haikai kwenye cc 360 za tofauti. Na tukamkumbusha jambo moja: baba yake huyo ndiye aliyemwachia dada wawili.

Alisema pia kwamba ipo siku atalileta nyumbani. Hapo ilibidi tumweleze ukweli. Tangu 2018 sheria ya Uganda inazuia kuingiza gari lililofikisha miaka 15, na Kenya haipokei gari lililotumika la zaidi ya miaka minane. Anunue akijua kwamba gari hilo makao yake ni huko huko.

Kisha tukakaa na mama. Tulimwambia kwamba kijana aliyefanya kazi kwa jasho lake ana haki ya kitu anachokipenda, maadamu haki za wengine zimetangulia. Tukamwekea masharti aliyoyakubali mwanawe: ada ya dada zake ya mwaka mzima iwekwe pembeni kabla gari halijaguswa, asikope, na bima, mahali pa kulilaza gari miezi ya baridi na vipuri vitoke kwenye matumizi yake mwenyewe, si kwenye fungu la nyumbani.

Mama aliuliza swali ambalo hata sisi hatukuwa tumelifikiria: "Na akipoteza kazi?" Tukajibu kwamba gari zima lisilo na deni linaweza kuuzwa, na pesa ikarudi, hata kama si yote. Gari la mkopo likiuzwa, wa kwanza kula ni benki. Akanyamaza muda mrefu, kisha akasema: "Bado sijalipenda. Lakini kwa masharti hayo, sina neno."

ALIPOFIKIA

Kijana alikwenda kuitazama ile 280Z. Injini iliwaka mara moja na ikanguruma vizuri. Muuzaji ni mzee wa kule, si Muislamu. Alikunja zulia mwenyewe, akamwonyesha sakafu ilivyoliwa upande wa dereva, na reli ya chini yake ikipukutika kwa kidole. Hakungoja kuulizwa. Kijana alimshukuru na akaondoka bila gari. Alituandikia usiku ule kwamba aliumia, kwa sababu sauti ya injini ilikuwa imeshamteka.

Sasa anatafuta nyingine, na amesema ataangalia zilizotoka sehemu kavu kama Arizona, ambako chuma hakili chumvi. Huenda ikawa 280, huenda ikawa 260 yenye kabureta za zamani. Ada ya dada zake imeshalipwa hadi mwisho wa mwaka. Risiti mama ametuonyesha.

Vijana wetu mlioko mbali, tunawausia: mnapotamani kitu, kiulizeni kwa fundi na kwa mama. Kila mmoja huona upande ambao mwenzake haoni. Nanyi wazazi, msiikate hamu ya mtoto kabla ya kuisikiliza, kwani huenda ndani yake mna jina la mtu mliyempenda.

Tunamuomba Allah awape vijana wetu riziki ya halali, awalinde barabarani, na awarehemu waliotutangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq.