Miwani ya kazi na barabara ya Mapendo

Miwani ninayovaa ililipwa na radio ninayofanyia kazi, na kwa hilo nashukuru. Lakini karatasi iliyotoka ofisini iliruhusu miwani ya kompyuta tu. Fundi akatengeneza lenzi za kuona wazi kwenye umbali wa sentimita 60 hivi, basi.

Mimi tangu sekondari sioni vizuri mbali. Kazi ya mwandishi wa habari nayo haiishii mezani. Nikitoka studio, miwani ni hiyo hiyo moja. Hapa Mapendo, chukudu yenye mizigo ya makala naiona kama kivuli kinachoshuka. Motari namtambua kwa mlio wa moto yake. Mtu akinisalimia kutoka ng'ambo ya barabara, namjibu kwa kuijua sauti. Kununua miwani ya pili si rahisi: tangu benki za Goma zilipofunga milango Januari 2025, pesa mkononi imekuwa shida kwa kila jamaa.

Daktari wa macho alinieleza jambo ambalo nataka kila mfanyakazi alijue. Mtu wa umri wangu, wa miaka thelathini na kitu, lenzi iliyo ndani ya jicho lake ingali laini, inajirekebisha yenyewe kwa vitu vya karibu. Kwa macho kama yangu, miwani ya kuonea mbali ingetosha pia mbele ya kompyuta. Miwani moja ingefanya kazi zote mbili. Ni kuanzia miaka arobaini hivi ndipo lenzi hiyo inakuwa ngumu, na mtu anaweza kuhitaji miwani ya kompyuta tofauti na ile ya barabarani.

Sheria ya kazi ya nchi yetu, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, haikusema kompyuta. Inamtaka mwajiri agharimie matunzo ya afya ya mfanyakazi na jamaa yake, na ndani yake imo miwani ya kawaida iliyoandikwa na daktari. Kwa hiyo ofisi ilipe, lakini daktari ndiye aseme ni miwani gani.

Je, asiye na mwajiri? Mama mmoja aliyekimbia Masisi, anayekaa kwa jamaa hapa kwetu, miwani yake ilipotea njiani. Ujumbe wa pesa ukiingia kwenye simu, anamwita kijana amsomee, na kijana huyo huyo ndiye anayemwandikia namba ya siri. Kwa mama kama huyo, miwani si pambo: ndiyo inayolinda pesa ya chakula.

Mkipewa miwani ya msaada, au mkinunua ya barabarani, ijaribuni mara mbili: kwenye maandishi ya simu, kisha kwa kutazama uso wa mtu aliye mbali. Ikisaidia karibu tu, ivueni kabla ya kuvuka barabara. Na kama jicho lina ukungu ambao miwani yoyote haiondoi, huenda ni mtoto wa jicho. Hapo dawa ni upasuaji, si miwani nyingine.

Wakubwa wa kazi, mnapotoa karatasi ya miwani, muulizeni mfanyakazi pia anafikaje nyumbani jioni.